Darasa la Alasiri

Bwana Mwero, mkaguzi wa shule, hakubisha hodi. Aliegemeza baiskeli yake ukutani, akasimama mlangoni mwa darasa la nne la shule ya Mtondooni, akautazama ubao kwa muda. Watoto kumi na mmoja wakasimama kwa pamoja. Mwalimu Chirau alikuwa ameupa mlango kisogo, chaki mkononi, akadhani wamesimama ili kumjibu yeye.

"Hiyo ni nini?"

Chirau akageuka. Ubaoni alikuwa ameandika sentensi moja mara mbili: juu kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na chini yake kwa herufi za Kizungu. *Baba amenunua mbuzi wawili.*

"Ni somo la kusoma, bwana."

"Sikukuuliza somo. Nauliza hayo maandishi ya juu."

"Ni Kiswahili, bwana, kwa herufi wanazozijua."

"Kwani serikali inaisaidia shule hii ifundishe Kiarabu?"

"Si Kiarabu, bwana. Ni Kiswahili kile kile. Hawa watoto wanapoanza..."

"Futa."

Chirau alichukua kitambaa akafuta mstari wa juu.

"Siyo nusu. Futa ubao wote."

Alifuta. Unga wa chaki ulimwangukia viatuni, ukaingia katika mikunjo ya ngozi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, tisa kati ya hiyo ameimaliza katika kazi ya ualimu, na hapajapata kutokea mtu wa kumfutisha ubao mbele ya wanafunzi wake kama mtoto wa zamu. Nyuma yake mtu mmoja alikohoa. Alijua ni Chome, aliyekuwa mwaka wa tatu katika darasa hilo hilo, na alijua kwamba kikohozi kile kilikuwa cha kumwonea haya mwalimu wake.

Bwana Mwero alimtoa ukumbini, lakini sauti yake aliiacha ndani.

"Mwaka juzi alipita mtoto mmoja. Mwaka jana hakupita hata huyo mmoja. Ofisi ya elimu imechoka, Chirau. Mtihani ni Novemba. Wasipopita wanne, ikifika Januari hapa hapana darasa la nne. Watoto watakomea la tatu, wakachunge mbuzi. Na wewe utatafutiwa kazi nyingine, kama ipo."

"Imebaki miezi mitatu, bwana."

"Hata mimi nina kalenda. Tena nisikie umeyarudisha maherufi yale kwenye ubao wa shule. Hiyo miezi mitatu yenyewe hutaiona."

Alipanda baiskeli yake akashika njia ya Msambweni. Chirau alirudi darasani. Watoto walikuwa bado wamesimama, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waketi.

Alipofika nyumbani adhuhuri alimkuta baba mkwe wake, Maalim Garama, amekwisha kuketi barazani. Mwanaima, mkewe, alikuwa kwenye jamvi karibu na mlango akisuka ukili, na binti yao mdogo amelala miguuni pake. Maalim Garama ndiye aliyekuwa na chuo cha Kurani pale Mtondooni. Nusu ya wanaume wa kijiji walianza alifu mbele ya fimbo yake, na wanafunzi wengi wa Chirau walikuwa wanafunzi wake pia.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Keti."

Chirau akaketi, amekaribishwa barazani pake mwenyewe kama mgeni.

"Watu walisema, nikakanusha," Maalim alianza. "Nikamwuliza Kadzo, maana yule mtoto hasemi uongo. Amesema ni kweli. Waandika herufi za Kitabu ubaoni, ukisha wazifuta kwa tambara. Vumbi lake laanguka sakafuni, watoto walikanyaga kwa miguu iliyotoka vichakani."

"Maalim, naandika habari za mbuzi na nazi. Sijaandika aya hata moja."

"Herufi ni zile zile zilizoshuka na aya."

"Leo asubuhi mkaguzi amenifutisha ubao mbele ya watoto kwa ajili ya herufi hizo hizo. Yeye asema nawafundisha dini. Wewe wasema naivunjia dini heshima. Nishike lipi?"

"Shika adabu."

Mwanaima alikuwa ameacha kusuka. Maalim Garama hakumtazama, ila maneno yaliyofuata yalimhusu yeye pia.

"Tangu kesho, mtoto wa chuoni kwangu haendi kwako mpaka uniapie kwamba umeacha. Na wewe Mwanaima, ikifika Ijumaa baada ya sala mumeo hajaapa, funga nguo zako. Sitakubali mjukuu wangu alelewe katika nyumba yenye dharau."

Akanyanyuka, akavaa makubadhi yake, akaondoka bila ya kugusa maji aliyowekewa.

Chirau aliyanywa maji yale yeye mwenyewe. Mwishowe Mwanaima akauliza, "Utaapa?"

"Nikiapa nimewazika wale watoto."

"Hebu niambie mimi. Huko shuleni sifiki."

"Wamjua Chome wa kwa Suleiman. Amehitimu Kurani, akaitwa kijana wa mfano. Bibi yake akitaka kupeleka barua Tanga, mwandishi ni yeye. Lakini ukimwekea neno 'kitabu' kwa Kizungu, macho yamtoka kama aliyeona chatu. Miaka mitatu yuko darasa la nne. Mimi nikadhani ni mzito. Nilimchapa, Mwanaima, kwa kumdhania mzito." Chirau alitazama viganja vyake. "Mwezi wa sita nikamwandikia neno lile lile kwa herufi za chuoni, na la Kizungu nikalipanga chini yake, sauti kwa sauti. Akaangalia, akacheka peke yake. Akaniambia, 'Mwalimu, kumbe ni mtu yule yule, amevaa kanzu nyingine.' Wiki ile alisoma ukurasa mzima."

"Umemwambia baba hivyo?"

"Babako hanipi nafasi ya kusema."

"Baba haambiwi," Mwanaima alisema, akauokota ukili wake. "Baba huulizwa."

*

Kesho yake waliingia wanafunzi wanne. Chirau aliita majina yote kumi na moja kama kawaida, na kwa kila jina lisilojibu alingoja kidogo kabla ya kutia alama. Wale wanne waliketi wamesogeleana kwenye madawati ya mbele kama watu waliofiwa. Aliwafundisha mpaka saa sita, kisha akafunga mlango na kwenda kuwatafuta saba waliobaki, nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya kwanza aliambiwa mtoto anaumwa, na mtoto mwenyewe akapita mbele yake na ndoo ya maji. Nyumba ya pili mama mmoja alimwaga maji ya kuoshea samaki pale pale alipotaka kukanyaga, akasema, "Samahani Mwalimu, sikukuona," ilhali alikuwa amemtazama tangu kwenye ua. Chirau alikung'uta suruali akaendelea na safari. Kwa kina Kadzo alijibiwa kwa heshima, jambo lililomwuma zaidi. Baba wa mtoto alimwambia, "Sisi hatuna neno na wewe. Lakini Maalim ndiye atakayetusomea tukifa."

Suleiman, mjomba wake Chome, alikuwa pwani ameinama juu ya jarife, wavu mkubwa wa papa, akiziba tundu. Chome alikuwa upande wa pili, amelishika. Alipomwona mwalimu wake alitaka kusimama. Mjombake akamwashiria akae.

"Salama, Mwalimu?"

"Salama, bwana Suleiman. Nimekuja kwa ajili ya kijana."

"Nimekuona unakuja, nikajua." Suleiman hakuinua macho. "Mwalimu, wewe ni Mdigo kama mimi, sina haja ya kukufunza. Mtoto ni wa mjomba. Huyu nimemlea tangu ana meno mawili. Mwaka wa tatu yuko darasa la nne. Hilo ni darasa au ni nyumba?"

"Mwaka huu atatoka."

"Na mwaka jana ulisema hivyo. Mimi nilimsikia Maalim, nikashukuru. Nina wavu wa watu wawili na mtu mmoja wa kuuvuta."

"Mpaka Novemba tu, bwana Suleiman. Baada ya mtihani sitakanyaga hapa."

Suleiman aliukata uzi kwa meno. "Yamalize kwanza na mkweo. Akimruhusu, nitakupa hiyo Novemba. Siku ya pili yake ni wangu, usinijie na karatasi nyingine."

Chome alikuwa akichora kwa kidole mchangani, karibu na goti lake, mahali mjombake hawezi kuona: K, T, B.

*

Ijumaa baada ya sala Maalim Garama alikuja. Furushi la Mwanaima lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kanga, na juu yake kofia ndogo ya mtoto. Chirau naye aliliona hapo hapo. Hakuwa ameambiwa.

"Ameapa?" Maalim aliuliza.

"Hajaapa, baba," Mwanaima alijibu.

"Basi twende."

"Tutakwenda. Nina swali moja kabla hatujatoka." Aliketi chini, mbele ya miguu ya babake, kama alivyokuwa akiketi alipokuwa mwanafunzi wake. "Kule chuoni, watoto wakiosha vibao, maji yale yenye wino yamwagwa wapi?"

"Wajua wapi. Ulikuwa ukiyamwaga wewe. Chini ya mwasumini, pasipopita mguu wa mtu."

"Na ile barua yako ya kuikubali posa yangu, uliyompelekea mume wangu. Uliiandika kwa herufi gani?"

Maalim alimkazia macho. "Herufi gani nyingine nizijuazo?"

"Ilikuwa na aya?"

"Ilikuwa na bismillahi."

"Hiyo ni juu. Na chini yake?"

Mwanaima akaendelea taratibu, bila ya kuinua sauti. "Chini yake ulitaja kitanda, na mkeka wa mtu mzima, na kanga doti mbili, na mbuzi wa kilemba asiyekuwa na kovu. Barua ile ninayo ndani. Herufi zilimbeba mbuzi, baba, wala hazikuvunjika heshima. Sasa zimembeba mbuzi mwingine, wa shuleni. Kosa ni mbuzi, au kosa ni vumbi?"

Maalim Garama alimgeukia Chirau, uso wake hauna tabasamu wala hasira.

"Huyu nilimfundisha mwenyewe," alisema. "Sina wa kumlaumu."

Chirau aliona mlango umefunguka upenyo mdogo, akaogopa kuusukuma kwa nguvu. "Maalim, kosa ni vumbi, na kosa hilo ni langu. Sikufikiri. Sasa hata nikitaka siwezi kuandika tena shuleni, nimekatazwa. Naomba kipembe cha jamvi lako. Baada ya sala ya alasiri, kwa vibao na wino wa masizi, bila chaki. Maji yamwagwe chini ya mwasumini. Nawe uwepo, usikie kila neno. Siku utakayosikia la kukidharau Kitabu, furushi hili nitalibeba mimi mpaka kwako."

"Na mkaguzi wako?"

"Alisema ubao wa shule. Chuo chako hakina ubao wa shule."

Maalim alitazama lile furushi, kisha ile kofia ndogo iliyokuwa juu yake. Akaiondoa kofia akamwekea mjukuu wake kichwani.

"Siku saba," alisema. "Nitaangalia."

*

Siku saba zilipita, na hakuna aliyezitaja tena. Kila alasiri watoto kumi na mmoja walikaa kwenye jamvi la chuo, kila mmoja na kibao chake mapajani. Asubuhi Chirau aliwafundisha shuleni kama mkaguzi alivyotaka, na jioni aliwaonyesha walichokuwa wamekiona asubuhi. Maalim Garama aliketi pembeni na tasbihi yake. Kwa wiki mbili hakufungua kinywa. Wiki ya tatu, watoto wakiwa wanasuasua katika silabi, fimbo yake iligonga sakafu.

"Mwasomaje kama wagonjwa? Be fataha ba, be kasiri bi, be dhuma bu! Hivyo ndivyo nilivyowafunza. Sasa hiyo ya Kizungu nayo ina fataha yake, sivyo, Mwalimu?"

"Ni A, Maalim."

"Basi: B na A, ba! B na I, bi! Semeni mpaka wa msikitini wasikie!"

Tangu siku hiyo mdundo ulikuwa wa Maalim na maana ilikuwa ya Chirau. Watoto walisoma wakiyumba mbele na nyuma, kwanza Kiswahili, halafu hesabu za maneno, mwisho Kiingereza, wakiandika matamshi kwa herufi za chuoni chini ya neno geni. Maji meusi yalimwagwa chini ya mwasumini kila jioni, na kazi hiyo Kadzo aliichukua bila ya kupewa.

Lakini Novemba nayo haikusimama. Katikati ya Oktoba Chirau aliwapa mtihani wa majaribio. Kupita ni alama hamsini. Alisahihisha barazani pake jua likiwa bado lipo, akarudia kujumlisha mara mbili kwa kutokuamini. Kadzo sitini na moja. Kijana mmoja wa kijiji cha Munje hamsini na mbili. Wengine wote walikuwa chini. Chome thelathini na nane.

Mwanaima aliusoma uso wake. "Wangapi?"

"Wawili."

"Na mtihani?"

"Wiki nne."

Chirau aliingia ndani akatandika msala, ijapokuwa magharibi ilikuwa haijaingia. Hakuomba wapite. Aliona aibu kuomba hivyo, kwani kila mwalimu katika nchi alikuwa akiomba vivyo hivyo, na walio na mahitaji makubwa kuliko yake walikuwa wengi. Aliomba apewe uso wa kuingia nao darasani kesho.

Kesho yake alisoma alama hadharani, pale jamvini. Chome aliweka kibao chake chini.

"Mwalimu, mimi niache nikavue. Nakupotezea muda wa wenzangu. Mimi ni jiwe."

Maalim Garama aliinua kichwa, lakini Chirau alimtangulia.

"Mwezi wa sita, jaribio kama hili, ulipata ngapi?"

"Sita."

"Na jana?"

"Thelathini na nane."

"Toa."

Midomo ya Chome ilicheza. "Thelathini na mbili."

"Jiwe lililoongezeka thelathini na mbili kwa miezi minne mimi sijaliona, na nimezaliwa pwani hii. Kadzo, umeliona?"

"Sijaliona, Mwalimu."

"Chukua kibao chako. Hao walio chini ya hamsini, msinitazame mimi, mtazameni aliyetoka sita. Sina hirizi wala sina njia ya mkato. Nina wiki nne na hili jamvi, na ninaamini mnaweza. Mkiona mimi sina imani tena, siku hiyo nendeni mkavue wote, na mimi nitawafuata."

Alisema hivyo kwa sauti iliyotulia. Kisha akalisoma swali la kwanza walilokosea.

*

Mtihani ulifanyiwa Msambweni, maili sita kutoka Mtondooni. Asubuhi ile walikutana mbele ya shule kukiwa na kiza cha alfajiri, mvua ya vuli imelainisha njia. Mwanaima alikuwa amepika mihogo ya nazi, kila mtoto akapewa kipande katika jani la mgomba. Maalim alikuja na bakora yake kuwasomea dua. Chirau akahesabu: kumi.

"Chome yuko wapi?"

Kadzo ndiye aliyejua. "Mjombake amemchukua tangu usiku. Wamesema jarife limenasa, haliwezi kungoja."

"Alinipa ahadi," Chirau alisema. "Alinipa hii Novemba."

"Ukimngoja utawachelewesha kumi," Maalim alisema. "Nenda. Mimi nitashuka pwani."

"Maalim, njia ya pwani ina utelezi, na wewe..."

"Nimesema nenda."

Walikwenda. Chirau aliwatembeza kwa haraka, akiwauliza hesabu za mdomo, lakini kila penye kona aligeuka nyuma. Walifika saa mbili na robo. Saa tatu kamili Bwana Mwero, aliyekuwa msimamizi siku hiyo, alisoma majina, watoto wakaingia, mlango ukafungwa. Karatasi ya kwanza ilikuwa hesabu. Walimu walitakiwa kukaa mbali, chini ya ukumbi wa upande wa pili. Chirau alisimama.

Alimwona Chome akija mbio barabarani kukiwa kumepita dakika ishirini. Kanzu yake ya shule alikuwa ameivaa juu ya shuka iliyolowa, miguu imepakaa matope mpaka magotini, na magamba ya samaki yaking'aa kwenye mikono. Alipita moja kwa moja mpaka mlangoni. Chirau alimkimbilia. Bwana Mwero alitoka nje akauvuta mlango nyuma yake.

"Umechelewa. Rudi nyumbani."

"Bwana, nakusihi," Chirau alisema. "Alikuwa baharini. Si kosa lake, mjombake ndiye..."

"Mtihani haumngoji mjomba wa mtu. Na wewe huna ruhusa kuwa hapa. Rudi ukumbini kabla sijaandika jina lako."

"Andika, bwana. Niandike mimi, yeye umwache aingie." Kama kupiga magoti kungefaa Chirau angepiga, mbele ya walimu wote wa wilaya waliokuwa wakitazama. "Nakuomba kama mtu amwombavyo mtu."

Chome hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akiitazama karatasi iliyobandikwa mlangoni, maandishi ya mashine, yote Kiingereza. Midomo yake ikaanza kucheza. Kisha akaisoma kwa sauti, neno baada ya neno, akiyumba kidogo mbele na nyuma, mpaka mstari wa nne, na hapo akaweka kidole.

"Bwana," alisema akihema, "hapa pameandikwa kwamba asiyeruhusiwa ni mwenye kuchelewa zaidi ya nusu saa. Mimi nimechelewa dakika ngapi?"

Bwana Mwero alimtazama. Akakitazama kile kidole kilichokuwa kimeacha alama ya maji kwenye karatasi. Akatoa saa yake mfukoni.

"Ishirini na tatu," alisema. "Hutaongezewa hata moja. Futa miguu."

Mlango ulipofungwa tena, wanaume wawili walibaki nje. Bwana Mwero alikuwa anaikumbuka sura ya Chome. Mwaka jana, alipokuja kukagua, alimtaka mtoto yule asome, na mtoto akalia.

"Chirau. Yale maherufi uliyaacha?"

"Shuleni niliyaacha, bwana. Siku ile ile."

"Shuleni."

"Shuleni, bwana."

Mkaguzi alikunja midomo kama mtu aliyetaka kuuliza jambo la pili akaona heri asilijue. Akaingia ndani.

*

Barua ilikuja wiki ya pili ya Januari, ikaletwa na tarishi wa chifu. Chirau aliifungua barazani, Mwanaima amesimama nyuma yake na Maalim Garama mbele yake, mguu umefungwa kitambaa tangu siku ile ya mtihani alipoteleza pwani. Alisoma kimya mpaka mwisho, akarudia.

"Sema, mwanangu," Maalim alisema. Alikuwa hajapata kumwita hivyo.

"Wamepita wanne. Darasa halifungwi. Kadzo ni wa kwanza katika shule zote za upande huu."

Maalim Garama aliteremka kwenye jamvi, akavuta ule mguu wake mbovu, akasujudu sijida ya shukrani. Mwanaima alipiga kigelegele, majirani wakaanza kutoka. Chirau alikuwa bado ameishika barua.

"Chome?" Mwanaima aliuliza, kigelegele kikamfia mdomoni.

Chirau alitikisa kichwa. Akavaa viatu vyake. Alikuwa ameahidi kutokanyaga kule tena, lakini hili hakutaka Chome alisikie kwa watu.

Aliwakuta pale pale pwani, jarife limetandazwa baina yao. Suleiman alimwona akija.

"Usoni mwako pana habari, Mwalimu. Itoe tu."

"Wamepita wanne."

"Na Kadzo?" Chome aliuliza haraka.

"Wa kwanza."

Kijana alicheka kwa furaha, furaha ya kweli, kisha kicheko kikapungua kidogo kidogo. "Na mimi simo."

"Humo. Umekosa kwa alama tatu."

"Ni hesabu." Chome aliinamisha kichwa. "Sikuimaliza ile karatasi. Maswali manane niliyaacha yakinitazama. Nilikuwa nayajua, Mwalimu. Wallahi nilikuwa nayajua."

"Najua kwamba ulikuwa unayajua."

Suleiman aliacha kushona. "Hizo alama tatu ni maswali mangapi?"

"Mawili. Pengine matatu."

"Na dakika zile zilizompotea?"

Chirau alilitazama jarife. Hakuja kumhukumu mtu. Suleiman aliupitisha uzi kwenye tundu, akautoa, akaupitisha tena mahali pale pale.

"Alfajiri ile jarife lilikuwa na papa mmoja," alisema. "Mmoja, Mwalimu, na si mkubwa. Mkweo alipofika akaniambia nimwachilie mtoto, nikamwambia angoje tumtoe kwanza yule papa. Mzee akateleza kwenye mwamba mbele yangu, na mimi nikaendelea kuvuta." Aliuachia ule uzi. "Mwaka huu watampokea tena?"

"Sheria haimruhusu. Umri wake umepita."

"Basi amekwisha."

"Shuleni amekwisha," Chirau alisema. "Lakini jamvi la alasiri halina sheria ya umri. Nililitandika kwa ajili ya mtihani. Mtihani umekwisha, na sijaona sababu ya kulikunja. Kuna mitihani mingine ambayo mtu huisomea akiwa nje ya shule. Ni mirefu, na ni migumu. Siwezi kumwapia chochote. Naweza kumwambia tu kwamba nitakuwepo."

Chome alimtazama mjombake, kisha akaitazama mikono yake. "Mjomba peke yake hawezi kulivuta," alisema polepole. "Ni wavu wa watu wawili."

"Ulipokuwa na meno mawili nililivuta na nani?" Suleiman alisema kwa ukali ambao haukumlenga yeyote. Aliinama, akauondoa ule upande wa jarife uliokuwa mapajani mwa kijana, akauvutia kwake. "Inuka. Osha mikono. Huwezi kushika kibao una magamba."

Chome alisimama, akaenda majini, akaosha mikono yake mpaka kwenye viwiko. Mwalimu alimngoja. Walipopanda kuelekea kijijini Chirau alikuwa hana neno la kumfariji, wala hakulitafuta. Alimwuliza moja ya yale maswali manane, na Chome akalijibu. Nyuma yao Suleiman alikuwa amelikusanya jarife lote kifuani, anatafuta peke yake pa kuanzia kulikunja.